Bomba la Tatu

Pale Ruai, nilipoegesha juu ya nyasi kavu
nimshushie Mama Kwamboka trei zake kumi za mayai,
moshi ulinyanyuka chini ya gari
kama mtu aliyeitwa jina.
Nikamwaga maji ya kunywa. Nikamwaga na soda.
Nikainama, nikaona:
bomba jekundu, wekundu wa jiko la makaa
saa ambayo sufuria imeshaepuliwa.

Dalili zilikuwepo, sikatai.
Mlima wa Kangemi niliupanda kwa gia ya kwanza,
nyuma yangu honi, mbele yangu mkokoteni wa viazi
ulionitangulia kufika juu.
Nikikanyaga mafuta, gari lilivuta pumzi
likasahau kuitoa.

Fundi wa Ngara: "Giaboksi." Elfu kumi na nane.
Wa Barabara ya Kirinyaga: "Radieta." Akaibadilisha.
Mwingine alisikiliza kwa sikio moja,
la pili likiwa kwenye simu,
akasema, "Uza."

Naliaka wa Kariobangi hakusema neno.
Alimaliza chapati yake kwanza, akafuta mikono
kwa ovaroli iliyokuwa chafu kuliko mikono,
akachomeka mpira wa geji mahali ninapopajua yeye tu.
"Washa. Kanyaga. Shikilia hapo hapo."
Mshale ulipanda, ukasita,
ukaanza kushuka polepole,
mgeni anayeaga huku bado ameketi.

"Koo limeziba," akasema.
"Lakini hilo ni jibu nusu.
Nani amelikaba?"

Tukangoja chuma kipoe. Akaniuliza bei ya trei.
Kisha akaiwasha injini dakika moja, si zaidi,
na kwa kifuniko cha chupa akadondosha maji
juu ya mabomba manne yanayotoka ubavuni mwake.
La kwanza, chss.
La pili, chss.
La nne, chss.
Kwenye la tatu maji yalikaa.
Yalikaa tu, matone mawili, yakitetemeka kwa mtetemo wa wenzao.

"Huyu wako wa tatu hawaki.
Koili imekufa, plagi haitoi cheche.
Petroli inaingia, inapita mbichi,
inakwenda kuwakia kwenye mzinga."

Mzinga ndilo jina alilolipa lile kopo la chini
lenye sega la kusafishia moshi.
Alipolikata kwa msumeno, sega lilikuwa limeyeyuka,
vijitundu vimefumbana, nta ya mawe,
nyumba ambayo nyuki hakuwahi kuijua.

"Kisichowaka pake," alisema, mkono ukipapasa chini ya gari,
"huwakia pa wengine. Nipe spana ya kumi na nne."

Hakuwa anatoa mawaidha. Alitaka spana.
Lakini mimi, asubuhi ile ile,
nilimfokea kijana wa maegesho kwa shilingi hamsini
hadi watu wakasimama,
na nyumbani, tangu Januari,
Kageni na mimi tunapitishiana chumvi
bila kuugusa ule mkopo
niliouwekea sahihi peke yangu.
Nikampa ya kumi na mbili. Akanirudishia bila kunitazama.

Koili mpya, plagi nne, mzinga wa mtumba.
Hesabu aliiandika kwenye kipande cha katoni:
elfu thelathini na mbili na mia tano.
Nilibembeleza. Mia tano haikuondoka.

Jioni nikaupanda mlima wa Kangemi kwa gia ya tatu.
Gia ya tatu, jamani, na mayai yamebaki kimya nyuma,
na mwenye mkokoteni akanipungia mkono,
au labda alikuwa akifukuza inzi.

Lile sega nililiomba. Nililifunga kwa gazeti,
nikaliweka mezani kati ya chumvi na mchuzi.
Kageni akalifungua. Akaligusa kwa ncha ya kijiko,
masizi yakabaki kwenye kijiko.

"Hiki nacho ni nini?"

Nikavuta kiti.